Nyololo, nani alitoa amri?

Ndugu Mhariri,

Kila ikitajwa kesi ya mauaji ya Daudi Mwangosi, wapo wanaosema haki ilitendeka, kwa kuwa Julai 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimhukumu konstebo wa FFU, kikosi cha polisi cha kutuliza ghasia, miaka 15 jela kwa kuua bila kukusudia. Mimi nasema ilitendeka nusu, tena ile nusu nyepesi.

Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, aliuawa 2 Septemba 2012 kijijini Nyololo, Mufindi. Chama cha upinzani, Chadema, kilikuwa kikifungua matawi, polisi wakakizuia kwa hoja kwamba sensa ya watu ilikuwa ikiendelea. Picha za pale nchi nzima iliziona: mtu mmoja amezingirwa na askari wenye virungu, na bunduki ya mabomu ya machozi imeelekezwa tumboni kwake. Bomu lile ni la kutawanya umati, tena kwa mbali. Hapo palikuwa na umati gani?

Yupo pia ofisa mmoja wa polisi aliyejaribu kumkinga Mwangosi, naye akajeruhiwa na mlipuko. Ni nadra kumsikia akisifiwa, wakati yeye ndiye anayeibomoa ile hoja kwamba askari hutii amri tu. Alivaa sare ileile, akasimama palepale, akaamua vingine.

Lakini konstebo hapangi operesheni, wala haamui mkutano upi uvunjwe. Kamanda wa polisi wa mkoa alikuwepo eneo la tukio. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, chini ya Jaji Amiri Manento, ilisema polisi walikiuka haki za binadamu. (Kamati iliyoundwa na Waziri wa Mambo ya Ndani, ile ya Jaji Ihema, ilikuwa na upole wake kwa polisi.) Pamoja na hayo yote, kizimbani alisimama mmoja. Wenye virungu je? Na mwenye amri?

Simtetei konstebo, kifungo alikistahili. Ninachotaka ni amri ya kuvunja mkutano iandikwe, iwe na jina na cheo cha aliyeitoa, na mtu akifa mikononi mwa polisi uchunguzi ufanywe na chombo kingine. Wakenya walijiundia IPOA, chombo huru cha kuwachunguza polisi, kwa sheria ya 2011. Kwetu anayempeleleza polisi bado ni polisi mwenzake.

Msomaji wako,
Iringa