Waliomlilia Ianto wasidharauliwe

Mhariri,

Naomba nafasi niwatetee mashabiki wa Torchwood, tamthilia ya kubuni ya kisayansi ambayo BBC iliianzisha mwaka 2006 kwa ajili ya watu wazima, ikiwa imechipuka kutoka Doctor Who inayotazamwa na familia nzima. Julai 2009, katika sehemu ya nne kati ya tano zilizoonyeshwa siku tano mfululizo, Ianto Jones, mmoja wa wahusika wake, alifia mikononi mwa mpenzi wake, na watazamaji wengi wakaghadhabika. Wapo wanaowaona wapuuzi kwa kumwekea mtu wa kubuni maua na barua ukutani, huko Mermaid Quay, jijini Cardiff, Wales. Mimi siwadharau: mtunzi aliyechagua hadithi yenye giza alikusudia kifo hicho kituume, nami nililia, ingawa bado naamini kwamba tamthilia yenyewe ilipaswa kumwombolezea kwa muda mrefu zaidi.

Msomaji wenu,
Tanga