Kamati za harusi, someni lebo ya shampeni kabla ya kulipa

Mhariri, naomba nafasi niongee na kamati za harusi hapa Dar maana Desemba hiyo inakuja. Ukumbi tunaujadili vikao na vikao, mapambo hivyohivyo watu wanataka kugombana, ila shampeni inaandikwa mstari mmoja tu kwenye bajeti halafu anatumwa kijana yeyote mwenye gari, naye akifika dukani anabeba ile yenye karatasi la dhahabu linalong'aa kuliko zote.

Siku ya siku wageni wanaonja, wanakunja sura, glasi zinabaki zimejaa mezani. Ukiangalia chupa imeandikwa Brut. Jamani Brut ni kavu, sukari yake haifiki gramu 12 kwa lita, na watu wetu wengi wamezoea soda. Na Extra Dry isiwatishe kwa jina lake la "kavu zaidi", hiyo ni gramu 12 hadi 17 kwahiyo ina sukari kuliko Brut. Mkitaka tamu kweli tafuteni Demi-Sec, hapo ni 32 hadi 50, na inakubaliana na keki. Brut na keki yenye aisingi ni ugomvi mtupu mdomoni (Brut iwekeeni samaki wa kukaanga au korosho, hapo ndo mtaiheshimu).

Halafu bei. Jina Champagne ni la mkoa mmoja tu wa Ufaransa, na kama hela ni za michango mi sioni kwanini tulilipie jina. Chupa ya Sauzi iliyoandikwa Cap Classique inachachushwa mara ya pili, ili ipate mapovu, humohumo ndani ya chupa kama wanavyofanya Wafaransa, watengeneza mvinyo Simonsig wa Stellenbosch hukohuko Sauzi walianza na zabibu za 1971. Prosecco, mvinyo wa mapovu wa Italia, nyingi inachachushwa kwenye matangi ndo maana inakuwa nafuu, na sio mbaya.

Asilimia ya kilevi nayo muiangalie, zipo za sifuri ambazo kwa nje zinafanana kabisa na za 12, na kuna wazazi hawagusi pombe wanashikishwa glasi bila kuambiwa kitu, hiyo ni kukosa adabu.

Na ma-MC waache kutikisa chupa! Presha ya mle ndani inaweza kukaribia mara tatu ya tairi la gari dogo, kizibo kikimpata bibi harusi jichoni tutaambiana nini? Ipozwe vizuri kwenye barafu, iinamishwe kidogo pembeni na watu, shika kizibo kwa nguvu halafu uzungushe chupa.

Mweka hazina wa kamati,
Tabata, Dar es Salaam