Sweta la Februari: wito wa harambee kutoka usharika wetu, Moshi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa mlio hapa Moshi na ninyi mlio Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na ng'ambo.

Mlioondoka zamani bado mnalikumbuka joto la Februari hapa mjini, lile linalotulia chini ya mlima kabla mvua za Machi hazijafika. Jumapili moja ya joto hilo, mtoto wa miaka 8 aliingia darasani kwangu, Shule ya Jumapili, amevaa sweta la shule, zito, limefungwa vifungo mpaka shingoni. Nikamwambia alivue. Akatikisa kichwa. Wenzake walipokaa kwenye benchi yeye alibaki amesimama, bega moja limeegemea dirisha. Nikaendelea kufundisha.

Jumapili iliyofuata aliinua mkono kujibu swali na mkono wa sweta ukashuka. Karibu na kiwiko palikuwa na alama mbili zilizokwenda sambamba, zikakutana mwishoni kama kitanzi. Nimepiga pasi maisha yangu yote. Waya wa pasi uliokunjwa mara mbili naujua. Baada ya kipindi nikamwuliza pale mlangoni pa ofisi ya kanisa, watu wakipita na viti vichwani, kwa sababu hatukuwa na mahali pengine. Akasema ameanguka. Kisha akasema, "Mwalimu, usiwaambie nyumbani." Nikamwahidi sitamwambia mtu yeyote.

Jumatano nikaenda kwao. Nilikaribishwa chai, nikazungumza na mlezi wake kwa upole juu ya kulea kwa upendo, tukaomba pamoja, nikaondoka moyo umetulia. Usiku ule mtoto alipigwa kwa kosa la "kupeleka maneno kanisani". Mkono ulivunjika. Alifikishwa hospitali siku ya nne, na maelezo aliyopewa daktari ni kwamba ameanguka kwenye mti wa parachichi.

Leo anaishi kwa shangazi yake, kwa uamuzi wa ustawi wa jamii, na mkono umeunga. Nimebadilisha mambo madogo ili asitambulike. Yanayonihusu mimi sikuyabadilisha hata moja, kwa sababu ndiyo yanayonifanya niwaandikie. Nilimpenda yule mtoto na nilikuwa na nia njema, lakini sikujua la kufanya. Tangu hapo nimewauliza walimu wenzangu, wazee wa kanisa, hata wanakwaya, na wengi wao wangefanya kama nilivyofanya.

Ndipo tukaunda kamati ya watoto ya usharika. Tulianza kwa kumwomba muuguzi mmoja, mshirika wetu, akae nasi Jumamosi tatu. Jambo la kwanza alilotufundisha ni kuangalia pale ambapo mtoto haangukii. Mtoto anayecheza huumia magoti, miundi, viwiko na paji la uso. Ndivyo walivyo, na wakwetu hapa wanaopanda miti ndio usiseme. Lakini michubuko kwenye sikio, shingo, shavu, tumbo, mgongo au mapaja kwa nyuma inataka kuulizwa. Mtoto mchanga ambaye hajaanza hata kutambaa ni nadra sana kujichubua mwenyewe, hivyo alama yoyote kwake apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kile kiuzi cha nyama kinachoshika mdomo wa juu na ufizi kikichanika kwa mtoto wa namna hiyo, huenda kuna mtu aliyemsukumizia chupa au kijiko kwa hasira. Mtoto aliyejimwagia uji wa moto huungua kwa michirizi na madoa yaliyoruka huku na huku. Aliyetumbukizwa miguu kwenye maji ya moto huwa na mstari ulionyooka kifundoni, kama amevaa soksi.

Akatuonya pia tusikimbilie kuhukumu. Watoto wetu wengi huzaliwa na bakabaka la bluu kiunoni au matakoni, na mtu asiyejua atasema ni kipigo. Vidonda vya ngozi vya kawaida vinaweza kufanana na alama za sigara. Hili nalisisitiza kwa sababu familia isiyo na kosa ikisingiziwa, kesho yake mtaa mzima utaogopa kusema. Kazi yetu si kuthibitisha. Tunaangalia kama maelezo yanalingana na jeraha, kama yanabadilika kila yanaposimuliwa, na kwa nini mtoto amecheleweshwa siku nne. Mengine tunawaachia wenye kazi yao.

Juu ya kumsikiliza mtoto, nilijifunza kwamba ile ahadi ya siri ndiyo ilikuwa kosa langu kubwa. Mtoto haahidiwi siri. Anaambiwa, "Umefanya vizuri kuniambia, si kosa lako, na nitawaambia watu wanaoweza kukusaidia." Hahojiwi mara tano na watu watano, wala hawekewi maneno mdomoni. Maneno yake yanaandikwa kama alivyoyasema, pamoja na tarehe. Na yule anayeshukiwa hafuatwi nyumbani na mtu mwenye Biblia mkononi na moyo uliojaa nia njema.

Zipo njia, nami nilikuwa sizijui vizuri. Kila mtaa una mtendaji wake na mwenyekiti. Yupo afisa ustawi wa jamii. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na hapo ndipo hutolewa PF3, ile fomu ya polisi ya aliyeumizwa, kwa ajili ya hospitali. Mtoto aliye katika hali mbaya awahishwe hospitali kwanza, karatasi zifuate. Ipo namba 116 ya kumsaidia mtoto, haikati salio, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aitoe kwa serikali ya mtaa wake. Kwa hiyo hatuingilii nyumba za watu. Tunatimiza wajibu tulioukwepa miaka mingi.

Najua atakayeniambia kwamba mcha mwana kulia hulia yeye. Nimelelewa na methali hiyo, na nimewakanya wanangu. Lakini kumkanya mtoto hakuhitaji waya wa pasi wala mpini wa mwiko. Utafiti wa taifa uliofanyika mwaka 2009 uliwauliza vijana yaliyowapata kabla ya kufikisha miaka 18, na karibu robo tatu, wasichana kwa wavulana, walisema walipigwa ngumi, mateke au mijeledi, au walitishiwa kwa silaha, na mara nyingi na ndugu au walimu. Robo tatu! Ninapolitazama darasa langu la watoto 40 najikuta nawahesabu.

Sasa niseme tunachoomba.

Kwanza ni chumba. Nyuma ya ofisi ya mchungaji kuna stoo ya viti vilivyovunjika. Tunataka kuifanya mahali ambapo mtoto anaweza kuketi na mtu mmoja anayemwamini bila mpita njia kumsikia, na ambapo afisa ustawi wa jamii akija ana pa kufanyia kazi. Dari, sakafu, dirisha, mlango, rangi, na kabati la chuma lenye kufuli la kutunzia kumbukumbu, vyote ni shilingi 5,200,000. Kabati hilo wengine waliona ni anasa. Mimi nasema bora tukose dari kuliko kukosa kabati, maana daftari lenye maneno ya mtoto likionwa na mtu asiyehusika, tumemrudisha kwenye kipigo.

Pili ni mafunzo ya siku 3 kwa watu 42: walimu wa Shule ya Jumapili, walimu wa chekechea yetu, na wazee wa kanisa wa kila mtaa. Afisa ustawi wa jamii, muuguzi na askari wa dawati wamekubali kuja kufundisha. Chakula, nauli na vifaa ni shilingi 25,000 kwa mtu kwa siku, jumla 3,150,000. Ukumbi ni wetu.

Tatu ni mfuko wa dharura, 4,250,000. Huu ndio unaoninyima usingizi. Yule mtoto alipotolewa hospitali hakuwa na nguo zaidi ya alizovaa, na shangazi anauza ndizi Kiborloni, ana watoto wake watatu na vitanda viwili. Aliombwa ampokee jioni ile ile. Alikubali bila kuuliza lolote, kisha akakaa nje ya wodi akilia kwa sababu hakuwa na nauli ya kumrudisha kliniki. Mfuko huu ni wa bodaboda usiku, picha ya eksirei, godoro, daftari na viatu vya shule, na chakula cha mwezi wa kwanza kwa familia inayompokea mtoto kwa utaratibu wa ustawi wa jamii. Sisi wenyewe hatumchukui mtoto wala kumficha.

Kiasi kilichobaki, 2,000,000, ni cha mikutano ya wazazi katika kila mtaa. Wapo wazazi wanaopiga kwa sababu wamechoka, hawana kazi, au wanakunywa, na hawajawahi kukaa na mtu wakalisema hilo bila kuaibishwa. Nao ni washirika wetu.

Jumla ni shilingi 14,600,000. Mpaka sasa tuna 3,870,000, zikiwemo zilizotokana na mnada wa mazao baada ya ibada, ambapo bibi mmoja alileta mayai kumi na matano, yakanunuliwa na kurudishwa mezani mara sita. Tumebakiza 10,730,000.

Harambee itakuwa Jumapili ya mwisho ya Desemba, baada ya ibada ya pili, wakati wana wa Kilimanjaro mmerudi nyumbani kwa Krismasi. Asiyeweza kufika atoe kupitia akaunti ya usharika. Namba zake zipo ubaoni na kwa mhazini, na kila mtoaji atapewa stakabadhi. Mkitumiwa ujumbe wenye namba ya mtu binafsi, hata ukiwa na jina langu, msitume. Matumizi yatasomwa kanisani kila robo mwaka. Majina ya watoto hayatasomwa kamwe, na tunawaomba msiyaulize.

Wenye vitu badala ya fedha tunawapokea. Fundi mmoja wa Pasua ameshatoa mlango, na kijana wa kwaya atapaka rangi bure. Tunahitaji mbao za dari, saruji mifuko 12, na viti vinne vifupi vya mbao. Viwe vifupi kweli, miguu ya mtoto wa miaka 6 iguse sakafu, na viwe na mito laini, kwa sababu wapo watakaokuja wakiwa hawawezi kukaa kwenye benchi.

Katibu, Kamati ya Watoto ya Usharika