Kuhusu kipimo chako cha MRI

Kihesa, Iringa

Mpendwa Mama Upendo,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Uyole. Sisi tu wazima, ila baridi ya mwaka huu imetuweka jikoni tangu jioni mpaka usiku.

Barua yako nimeisoma nikairudia. Unaniuliza, kwa kuwa nilikuwa muuguzi, kama MRI uliyoandikiwa kwa ajili ya kiuno, ile picha ya ndani ya mwili, ina ulazima, au ni kama asemavyo shemeji yako kwamba hospitali zinatafuta hela tu. Naona kabisa ulitaka nikwambie usiende. Na kwa wagonjwa wengi wa kiuno ningesema hivyo bila kusita.

Mdogo wangu wa Ilula, yule wa nyanya, alikamatwa na kiuno akipakia matenga kwenye Fuso, akashindwa hata kuinama kufunga viatu. Yeye ndiye aliyeng'ang'ania apigwe MRI. Daktari alimpima vizuri, akamgonga magoti kwa kinyundo, akamnyanyua mguu mmoja mmoja akiwa amelala, kisha akampa dawa za maumivu na kumwambia atembee, asishinde kitandani. Baada ya wiki chache akarudi shambani. Maumivu mengi ya kiuno huisha hivyo, na picha haiharakishi kupona. Tena inaweza kumtia mtu hofu ya bure. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya MRI za watu 98 wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo, na asilimia 52 kati yao walikutwa na diski, ule mto laini ulio kati ya pingili na pingili ya mgongo, iliyotuna walau sehemu moja. Watu wanaendelea na shughuli zao, hawajui kitu! Mpe mtu kama huyo karatasi iliyoandikwa kwamba diski yake imetuna, uone kama atanyanyua ndoo tena.

Lakini wewe umeandika jambo moja kwa kupitia tu, katikati ya habari za viazi: kwamba ndala ya mguu wa kulia inakuvuka njiani hujui, mpaka mtu wa nyuma akuite. Mama Upendo, hapo nilishtuka. Ndala ikivuka bila mtu kuhisi, huenda ganzi imeingia, au msuli unaonyanyua wayo umelegea, na yote mawili yanategemea neva zinazotoka kwenye pingili za chini za kiuno. Jaribu hivi: shikilia meza, nyanyua vidole vya miguu yote miwili, usimame kwa visigino. Wayo wa kulia ukikataa kunyanyuka kama wa kushoto, kamweleze daktari hivyo hivyo, na ndala umtajie.

Ile eksirei iliyosema mifupa yako mizima haipingani na hili. Eksirei inaonyesha mfupa. Diski iliyobana neva haionekani humo, MRI ndiyo inayoionyesha. Halafu kuna TB, ambayo hushambulia pia pingili za mgongo, na mtu anaweza kuwa nayo bila kukohoa. Umesema gauni la kanisani linakupwaya. Huenda ni kazi za msimu, lakini nalo liseme.

Kwa hiyo mimi nasema nenda. Hasira ya shemeji naielewa; wapo watu waliouza ng'ombe kwa kipimo ambacho hakikubadilisha chochote. Basi muulize daktari uso kwa uso: unatafuta nini kwenye picha hii, ukikikuta utanitibu vipi, na usipokikuta? Una haki ya kujibiwa. Kwako majibu yanaweza kuamua kati ya mazoezi na dawa, upasuaji, au dozi ya TB ya miezi mingi, na hayo hayatibiwi kwa kukisia.

Mionzi usiihofu. MRI haitumii mionzi ya eksirei, inatumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio. Cha kuangalia pale ni chuma. Kile ulichowekewa mguuni baada ya ajali ya bodaboda kitaje kabla hujaingia chumbani, na karatasi za upasuaji kama bado unazo zibebe. Vyuma vingi vya mifupa havina shida, lakini waamue wao. Hereni, pini za nywele na simu viache nje. Mashine ina kelele nyingi; watakupa vya kuziba masikio na kitu cha kubonyeza ukizidiwa. Najua ukiwa mahali pa kubana unakosa pumzi, kwa hiyo fumba macho kabla kitanda hakijaingia, na usifumbue mpaka wakutoe.

Mahindi usiyauze kwanza. Uliza dirisha la bima kama kadi yako inalipia na kama kunatakiwa kibali. Ikishindikana, nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitali, ueleze hali yako. Nami nina kiasi kidogo cha kikoba, nitajie bei nikurushie kwa simu.

Jambo moja lisisubiri tarehe ya kipimo. Mkojo ukigoma kutoka, au ukikutoka bila kujua, au ganzi ikiingia katikati ya mapaja na sehemu unazokalia, mwamshe Upendo akupeleke hospitali usiku huo huo, usingoje kukuche.

Nipigie Jumapili mkitoka ibadani, uniambie visigino vimesemaje. Na magunia ya viazi waachie vijana.

Wako akupendaye,
Mama Baraka