Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Wetu wa Kwanza wa Kuuza Patani

Mama zangu, dada zangu, na kaka zetu wawili ambao kila mwaka hunikumbusha nisiwasahau,

Assalamu alaikum, na salamu za heri kwenu nyote. Taarifa hii ni ya mwaka uliokwisha tarehe 31 Desemba 2024. Mahesabu yote atayasoma mweka hazina. Mimi nitagusa yale yanayohitaji maelezo, na sehemu kubwa nitazungumzia patani, yaani maandishi ya kumwonyesha mtu namna ya kufuma kitambaa, kwa kuwa ndizo zilizotugombanisha mwaka mzima.

Mnakumbuka tulivyoingia. Mwaka juzi kilio kilikuwa kimoja: vitambaa vya seti moja ya makochi vinakula wiki tatu za mkono wa mtu, mteja akija anateremsha bei mpaka kinachorudi ni pesa ya uzi. Mwenzetu mmoja wa Likoni ndiye aliyeuliza, huku sindano ikiendelea kutembea, mbona wanaotuuliza tunafumaje wamekuwa wengi kuliko wanaonunua. Hapo ndipo wazo lilipozaliwa: tuandike tunavyofuma, tuuze maandishi. Mimi nikasimama nikasema, na kumbukumbu za kikao zinayo, kwamba patani ni kama mnazi, unapanda mara moja halafu kazi yako ni kuangua. Sikukumbuka kusema kwamba mnazi nao hukaa miaka kabla hujaangua dafu la kwanza.

Tulianza kwa kukosa maneno. Mikono yetu inajua kila kitu, lakini tulipokaa kuandika tukakuta humu ndani kila mtu ana jina lake. Mshono ambao wa Kisauni anauita fundo, wa Majengo anauita jicho, na wale waliofunzwa na masista wanautaja kwa Kiingereza. Vikao vitatu vizima vilikwisha kwa majina, na baadhi yenu mlilalamika kwamba tunapoteza wakati. Leo naona hiyo ndiyo kazi bora tuliyoifanya. Tulikubaliana hivi: mnyororo ni ule wa kuanzia. Nguzo fupi ni mshono wa chini kabisa unaosimama. Nguzo ni ule wa kuzungusha uzi mara moja kabla ya kuingiza sindano, na nguzo ndefu ni wa kuzungusha mara mbili. Mshono wa kuteleza, usio na urefu, tukauita kufunga. Sasa mtu wa Lamu akisoma "nguzo 3 katika tundu moja" haulizi mara mbili. Katibu ameubandika ukurasa huo wa majina mwanzo wa kila patani yetu ya Kiswahili.

Sasa nije kwenye Korosho, maana najua ndiyo mnayoingojea.

Patani hii tuliitoa kwenye leso. Mmoja wetu alitandaza leso ya mamake, akachukua ile korosho iliyojipinda ambayo kila mtu wa pwani anaijua, akaichora kwenye daftari la hesabu la mwanawe, lile la miraba. Kwa ufumaji wa vyumba, karatasi hiyo ndiyo mashine yetu: mraba mweupe ni chumba kitupu, mraba uliopakwa kalamu ni chumba kilichojazwa. Pindo likazunguka pande nne, korosho zikakaa pembeni, na katikati tukaacha nafasi ya jina kama leso yenyewe, ili mnunuzi afume neno lake. Upana ulikuwa vyumba 60.

Kazi ya kuandika nikaichukua mimi. Kila chumba kina nguzo moja na nafasi ya mishono miwili, jumla mitatu. Nikapiga 60 mara 3, nikaandika mishono 180 kwa mstari. Tukawapa wanachama wanane waijaribu. Wote wanane walimaliza, vitambaa vikatoka vimenyooka, nikajisifu hapa mbele yenu. Tukaitoa.

Wiki ya pili zikaingia barua tatu, moja kutoka Kanada na mbili kutoka Uingereza. Wa Kanada alikuwa amefumua mara mbili akidhani kosa ni lake. Kila mstari, alisema, chumba cha mwisho kinabaki wazi upande mmoja. Nikarudi kwenye hesabu nikaona aibu yangu. Vyumba kumi vilivyoungana vina kuta kumi na moja. Mtoto yeyote aliyekulia nyumba ya kupanga analijua hilo. Mishono ilipaswa kuwa 181. Niliusahau ukuta wa mwisho.

Lililonishangaza zaidi ni wale wanane. Niliwafuata mmoja mmoja, nikavihesabu vitambaa vyao kwa ncha ya sindano. Vyote vilikuwa na 181. Nikamuuliza mmoja, dada, mbona hukuniambia kuna mshono umepungua? Akanitazama. "Nikwambie nini? Si lazima pafungwe?"

Alikuwa hajasoma nilichoandika. Mkono wake ulifunga kwa mazoea, kama unavyofunga mlango ukitoka. Na ndivyo nilivyoelewa kwamba tulichokuwa tukiuza wakati ule si patani, ilikuwa nusu ya patani. Nusu ya pili ilibaki vidoleni mwetu, na mtu wa Kanada hana vidole vyetu wala namba yetu ya simu.

Tangu hapo kamati imebadilisha utaratibu. Kila patani inajaribiwa na watu sita, na wanne kati yao lazima wawe nje ya chama. Ni marufuku kumpigia aliyeandika; mwenye swali aliandike kwenye karatasi, na swali likiulizwa mara mbili sentensi inaandikwa upya. Mwisho wa kila mstari lazima pawe na idadi ya mishono. Kwa duara la nguzo fupi tunaandika 6, 12, 18, 24 hadi mwisho, hata kama kwetu sisi ni jambo la kitoto. Wanunuzi wote wa Korosho wa awali walitumiwa nakala iliyosahihishwa, na watatu waliotaka pesa zao walirudishiwa. Kosa hilo ni langu, si la waliojaribu, na naomba liingie hivyo kwenye kumbukumbu.

Kosa la pili lilikuwa dogo lakini lilichekesha. Mnunuzi mmoja wa Uingereza alituma picha ya kitambaa ambacho korosho zake zimebonyea kama zimekaliwa na mgeni mnene. Kumbe jina moja la Kiingereza, double crochet, kwa Mmarekani ni nguzo na kwa Mwingereza ni nguzo fupi. Sisi tuliandika kwa istilahi za Marekani bila kusema. Sasa inasemwa ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa. Saizi ya sindano pia tunaandika kwa milimita tu, maana 4.0 ni 4.0 kila mahali, ilhali Mmarekani huiita G, na sindano kuukuu ya Kiingereza saizi hiyo imechongwa 8. Na kila patani ina kipimo cha sampuli, yaani idadi ya mishono na mistari katika kipande cha kujaribia cha sentimita 10 kwa 10. Hili la sampuli lilipingwa sana, kwamba ni kumpotezea mtu uzi. Asiyetaka kuifuma asiifume, lakini tusimnyime anayetaka kujua kabla hajaingia gharama.

Kuhusu picha, nampongeza kijana wetu aliyegundua kwamba kitambaa cheupe hakionekani kikitandazwa juu ya shuka. Alikitandaza juu ya buibui la dadake barazani, saa mbili asubuhi jua likiwa bado la ubavuni, na kila tundu likaonekana. Picha zote za mwaka zilipigwa hivyo, kwa simu ya kawaida. Buibui hilo sasa ni mali ya chama. Limeandikwa kwenye orodha. Tumeondoa pia ile sentensi ya kukaza kitambaa kwa maji ya sukari kama walivyofanya nyanya zetu. Mmoja wa wanaojaribu, wa Bamburi, alituletea kitambaa chake pamoja na sisimizi wake. Tumeandika wanga.

Sasa pesa. Patani za Kiingereza tunaziuza Ravelry, jukwaa la wafumaji lililoanza Marekani mwaka 2007. Mnunuzi analipa kwa PayPal, nasi tunazihamishia M-Pesa ya chama. Tuliangalia na Etsy, soko la mtandaoni la kazi za mikono: wanatoza senti 20 za dola kwa kila bidhaa unayoiweka, kwa miezi minne, na tangu Aprili 2022 asilimia 6.5 ya kila mauzo. Kamati ikaona tushike soko moja kwanza tulielewe. Korosho ziliuzwa nakala 96 kwa dola 5, na patani nyingine tano kwa pamoja nakala 61 kwa dola 4. Hiyo ni dola 724. Baada ya makato na kubadilisha, zilizoingia kwenye simu ya chama ni shilingi 83,610. Patani za Kiswahili, ambazo tunatuma kwa WhatsApp mtu akishalipa shilingi 150, ziliuzwa nakala 143, yaani shilingi 21,450. Jumla 105,060. Gharama, pamoja na uzi wa wanaojaribu, intaneti na zile pesa zilizorudishwa, ni 31,200. Zilibaki 73,860, nusu imekwenda kwa wanachama wanne walioandika na nusu imeingia mfukoni mwa chama.

Mwaka huohuo vitambaa vyenyewe vilituingizia 212,400. Nataka hesabu hizi mbili mziangalie kwa pamoja. Kuna wanachama wawili walionijia wakisema wataacha kufuma vya kuuza wakae waandike tu. Niliwazuia, na nitaendelea kuwazuia. Aliyepata zaidi kwa patani mwaka mzima alipata 19,400, baada ya kukesha wiki sita kwa patani moja. Na kwa wale waliouliza habari za kodi: ushuru wa mauzo wa asilimia 3 unaanzia mauzo ya shilingi milioni moja kwa mwaka. Sisi hata tukijumlisha na vitambaa bado tuko mbali.

Lililobaki ni ugomvi wa nanasi. Wenzetu wawili walileta patani ya kitambaa cha nanasi wiki moja, kila mmoja akidai ni yake. Nanasi si la yeyote humu. Limefumwa kabla ya bibi zetu kuzaliwa, na mishono haina mwenyewe. Chenye mwenyewe ni maandishi uliyoandika, mchoro uliochora na picha uliyopiga. Hivyo wote wawili wanaweza kuuza nanasi lao, mradi hakuna aliyechukua karatasi ya mwenzake. Kwa msingi huohuo tuliikataa patani nzuri sana ya kofia ya mtoto, kwa sababu mchoro wake ulinakiliwa kwenye jarida la Kijapani mstari kwa mstari. Aliyeileta alikasirika na hajaja vikaoni tangu Agosti. Nimemwendea nyumbani mara mbili. Kiti chake kipo.

Upande wa pili wa jambo hilo: mwezi wa Oktoba tuliikuta Korosho ya Kiswahili ikizunguka bure katika kundi la WhatsApp lenye mamia ya watu. Tulipofuatilia nyuzi, mwanzo wake ulikuwa humu ndani. Mwanachama alimtumia shemejiye, shemeji akamtumia rafiki. Hatutamtaja, na ameshaomba radhi. Lakini kuanzia Januari kila nakala inatoka na jina la aliyenunua chini ya kila ukurasa, na wanachama pia watapewa zenye majina yao. Kamati inaomba pia idhini yenu kusajili kazi zetu sita kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Mtapiga kura leo baada ya chai.

Kwa mwaka huu tunapendekeza patani nne tu, si kumi kama wengine wanavyotaka. Ya kwanza ni kitambaa cha meza kilichoandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, halafu kitafsiriwe Kiingereza, kwa kuwa tumeona patani tulizoanza kwa Kiingereza ndizo zilizoruka hatua nyingi. Sijui kwa nini iwe hivyo. Nadhani ukiandika kwa lugha ya kukopa unaharakisha umalize.

Kikao cha kwanza cha uandishi ni Jumamosi ijayo saa tisa alasiri, barazani kwangu. Kila mtu aje na daftari la miraba, penseli na kifutio. Kalamu ziacheni nyumbani.

Mwenyekiti wenu.