Kabla hamjanialika tena kupitisha kapu

Vijana wangu wa Malaba, huku upande wa Uganda, na wenzenu wa Tororo na Busia mtakaofikiwa na barua hii, salamu nyingi.

Mwaka huu nimealikwa mara nne kuongoza mchango wa kumpeleka mtoto ng'ambo kusoma, na mara zote nne nimekwenda. Mchango wa mwisho ulikuwa chini ya ule mwembe ulio nyuma ya reli. Viti vya plastiki vimekodiwa, soda zimelala ndani ya beseni la barafu, na mwenyekiti wa LC, baraza letu la mtaa, amefika mapema, jambo ambalo sijapata kuliona. Baba wa kijana akasimama akatuonyesha barua ya chuo, imetiwa plastiki juu chini kama kitambulisho. Kapu likazunguka. Mama mmoja muuza mihogo alitoa elfu tano ambayo mimi najua ilikuwa mtaji wa kesho yake. Tulipokwisha kuhesabu nikauliza, "Hii ni karo ya mwaka wa kwanza. Ya mwaka wa pili inatoka wapi?"

Watu wakanyamaza. Kisha mjomba mmoja akasema, "Mzee, akishafika huko Mungu atafungua njia."

Mungu hufungua njia, sibishi. Lakini mhasibu wa chuo naye hufunga mlango kwa tarehe. Kwa hiyo nawaandikia mapema ili asije mtu akaniita mchoyo: sipitishi kapu tena mpaka nione hesabu ya mwaka wa pili.

Nalisema hili kwa sababu lilinipata. Mwishoni mwa 1986 niliondoka hapa kwenda Pune, India, kusoma biashara. Baba alikuwa mkulima wa pamba. Aliuza ng'ombe sita, akalipa mwaka wa kwanza, na pesa ya mwaka wa pili akaiweka ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, noti tupu. Mei 1987 serikali ikabadilisha sarafu. Shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu ya hapo asilimia 30 ikakatwa wakati wa kubadilisha. Shilingi yenyewe ikashushwa mbele ya dola. Barua ya baba ilinifikia mvua za huko zimeshaanza. Aliandika kwamba pesa ipo, ila si ile tena.

Nilikaa muhula mzima nje ya darasa. Nilikuwa nikiwafundisha hesabu watoto wa mwenye nyumba, naye akinilipa kwa chakula cha jioni, chapati mbili na dengu. Mpaka leo dengu siigusi, na mke wangu ameacha kuuliza. Nilimaliza nikiwa nimechelewa mwaka mmoja, na hao waliomaliza mbele yangu wakawa mabosi wangu.

Ninyi hamtabadilishiwa sarafu, lakini shimo ni lile lile. Karo ya ng'ambo hudaiwa kwa dola, paundi au yuro, nanyi mnaitafuta kwa shilingi. Katikati yenu amekaa mtu wa kubadilisha fedha, na bei yake ya Februari haimhusu aliyeuza kiwanja Oktoba.

Yuko binti wa mtaa huu aliyerudi baada ya miezi kumi na minne. Simtaji, na anayemjua asimtaje. Mama yake aliwaambia majirani kwamba mtoto yuko likizo. Likizo imeingia mwaka wa tatu sasa. Binti ana akili kuliko wengi wetu, na mwaka wa kwanza alifaulu masomo yote. Kilichomrudisha ni mstari mmoja kwenye ankara. Siku moja alinionyesha simu yake: ujumbe wa chuo ukimwambia kwamba amefungiwa usajili kwa sababu ya deni, na chini yake ujumbe wa shangazi akimwomba avumilie, mahindi hayajakauka. Jumbe hizo zilipishana siku mbili. Alizisoma akiwa amesimama kwenye kituo cha basi, theluji mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Basi chukueni karatasi ya miraba, ile ya daftari la hesabu. Gaweni safu kwa idadi ya miaka ya masomo, zote, hata kama ni minne. Kwenye kila safu andikeni karo, chumba, chakula, bima ya afya, nauli za kule kule, nguo za baridi, na gharama za kuongeza viza pale inapohitajika. Kila mwaka unaofuata ongezeni sehemu moja ya kumi, maana karo hupanda na shilingi huteleza. Mstari wa mwisho ni wa jina la mlipaji. Msiniandikie "familia", maana familia haina akaunti ya benki. Nataka jina la mtu, kazi yake, na lini hupata pesa. Mkulima hupata pesa msimu wa mavuno, mwalimu kila mwezi, na mwenye lori siku lori likitembea. Tarehe hizo zilinganisheni na tarehe za chuo. Hapo ndipo wengi hukunja karatasi na kuniomba ruhusa ya kwenda kuzungumza na baba.

Mjerumani amelifikiria jambo hili kuliko sisi. Vyuo vyake vingi vya umma havitozi karo, isipokuwa jimbo kama Baden-Württemberg ambalo huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula. Lakini kabla ya viza anataka, kwa kawaida, uweke yuro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, na ukifika unaruhusiwa kutoa yuro 992 kwa mwezi, basi. Kwa bei ya siku hizi hiyo inakaribia shilingi milioni 50. Ukisikia mtu anasema Ujerumani ni bure, mwulize kama amewahi kuziona hizo milioni 50 zikiwa mahali pamoja. Pia shahada nyingi za kwanza kule hufundishwa kwa Kijerumani, na mwenye cheti chetu cha S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, huenda akatakiwa kusoma kwanza mwaka wa matayarisho. Huo nao ni safu kwenye karatasi yenu.

Uingereza wanataka pesa ya karo inayodaiwa na ya kujikimu ikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja. Hapo umezuka mchezo. Kuna watu wanaoazima pesa ya maonyesho: inaingia kwenye akaunti ya baba, inakaa siku zake, karatasi ya benki inachapishwa. Siku ya 29 mwenye pesa anaichukua, nawe umebaki na viza na mfuko mtupu. Na ukigundulika umepeleka karatasi za uongo, wanaweza kukufungia mlango miaka 10. Tena kuna ada ya afya ya paundi 776 kwa kila mwaka wa kukaa, na ada hiyo ya miaka yote hulipwa kwa mkupuo unapoomba viza. Wazazi wengi huisikia siku ya kulipa.

Kwa Marekani nitakuwa mfupi. Kuna dola 350 za kuingizwa kwenye mfumo wao wa wanafunzi na dola 185 za kuomba viza, na ukinyimwa hazirudi. Mbele ya yule ofisa wa ubalozi una dakika chache tu. Mtoto aliyejaza karatasi ya miraba kwa mkono wake hujibu swali la "nani anakulipia" bila kumtazama mtu.

Najua mtakalojibu: "Mzee, tutafanya kazi huko huko." Mtafanya, na mimi nitawapongeza. Ila Uingereza mwanafunzi wa shahada huruhusiwa kwa kawaida saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na Marekani mwaka wa kwanza ni kazi za ndani ya chuo tu, nazo hazizidi saa 20. Saa hizo hununua chakula, na pengine hulipa sehemu ya chumba. Karo haziilipi. Kwenye karatasi yangu mshahara wa kazi usiyoipata bado huandikwa sifuri. Na anayesema atabaki huko kufanya kazi akishahitimu, ajue kwamba sheria hubadilika yeye akiwa darasani. Uingereza ilikuwa ikitoa miaka miwili baada ya shahada, na kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027 imepunguzwa kuwa miezi 18. Tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa kule hawaruhusiwi tena kwenda na mke, mume au watoto.

Sasa majina, na hapa naongea kama mtu wa forodha. Nimetoa mizigo hapa mpakani miaka thelathini. Lori lenye mali halali kabisa linaweza kulala wiki moja kwenye foleni kwa sababu karatasi mbili hazisemi neno moja. Watoto wetu wako hivyo hivyo. Shuleni aliandikwa Yusufu, kwenye kitambulisho cha taifa ni Yusuf, kwenye cheti cha kuzaliwa karani akaandika Joseph, na jina la babu limo mahali pamoja likakosekana pengine. Mtaani wote ni mtu mmoja. Kwa ofisa wa viza ni watu watatu. Lishughulikieni jambo hili mkiwa bado S5, kabla ya kusajiliwa kwa mtihani wa mwisho, kwa sababu jina likishachapishwa kwenye cheti cha UNEB, bodi ya mitihani ya taifa, kulibadilisha ni safari ndefu ya viapo na wanasheria. Na cheti hicho kikipotea hupewi kingine. Utapewa barua ya kuthibitisha matokeo. Kwa hiyo kisikae kwenye mkoba unaopanda nao boda boda. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 250,000, ombeni kabla hamjaanza hata kutafuta chuo. Chanjo ya homa ya manjano huhesabiwa kuwa inafanya kazi siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo ya asubuhi ya safari haisaidii kitu.

Madalali wa vyuo siwachukii, nami nilikuwa dalali wa mizigo. Waulizeni tu ni nani anayewalipa. Wengi hulipwa na chuo kwa kila kichwa, kwa hiyo watakupeleka kwenye chuo kinacholipa vizuri. Mengi ya wanayofanya mnaweza kuyafanya wenyewe kwenye simu, na kwa Marekani upo ushauri wa bure wa EducationUSA pale ubalozini Kampala.

Linanijia lingine kabla sijasahau. Ulizeni kama shahada hiyo itatambuliwa mkirudi. Baraza la elimu ya juu, NCHE, ndilo linalolinganisha shahada za nje na za hapa, na mnaweza kuwauliza kabla ya kulipa hata senti. Wanaokwenda kusoma udaktari wajue kwamba baraza la madaktari huwapa mtihani waliosomea nje kabla ya kuwaruhusu kuanza mazoezi hospitalini. Nami sishauri tena familia yenye mfuko kama wangu impeleke mtoto nje kwa shahada ya kwanza pasipo ufadhili. Someni Makerere, Busitema hapa jirani, Gulu, au IUIU, chuo kikuu cha Kiislamu, kule Mbale. Fanyeni kazi miaka miwili mitatu. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, haimpi mtu nafasi bila shahada ya kwanza na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na Wajerumani wa DAAD, shirika lao la ufadhili wa masomo, wana programu zinazodai hivyo hivyo. Kwa hiyo mlango mpana uko kwenye shahada ya pili, na mlipaji wake si mama wa mihogo. Najua vijana hamlipendi shauri hili. Mnataka ndege sasa, nami nilikuwa hivyo.

Yule kijana wa chini ya mwembe alikuja kwangu Jumatatu na daftari. Tulikaa mpaka jua likazama. Safu ya kwanza ilijaa, ya pili ikapata jina moja na nusu, ya tatu ikabaki nyeupe. Aliiangalia muda mrefu, kisha akakiandikia chuo barua pepe hapo hapo kuomba nafasi yake isogezwe mpaka mwaka ujao. Siku nne baadaye wakamkubalia. Pesa ya mchango iko benki, kwenye akaunti inayohitaji sahihi tatu, mojawapo ni ya mama wa mihogo. Kijana anafundisha hesabu shule moja ya binafsi hapa Malaba na jioni anatuma maombi ya ufadhili. Mjomba wake hanisalimii.

Mimi nipo nyumbani kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana. Njooni na karatasi ya miraba, kitambulisho na vyeti vyote, halisi na nakala. Aje pia yule ambaye jina lake mtaliandika mstari wa mwisho, nimsikie kwa mdomo wake. Hati ya kiwanja iacheni nyumbani kwanza. Kahawa itakuwepo. Dengu, hapana.

Ni mimi mzee wenu,
Malaba