Picha za kumalizia mkanda

Dodoma,
Jumapili jioni

Swahiba wangu,

Salamu sana. Huku wazima, isipokuwa upepo. Msimu huu Dodoma unaijua mwenyewe: nguo unazianika safi, unazianua na vumbi. Mama yako hajambo, mguu umepungua maumivu, na amenituma nikwambie hela ya dawa imefika. Shemeji na watoto uwasalimie. Sasa tuje kwenye sanduku la picha alizoacha mzee wako, mpiga picha wa mji huu.

Uliniuliza kama umruhusu yule bwana anayetengeneza kitabu cha maadhimisho achukue negativu za mzee, kwa kuwa anasema anataka za viongozi tu, nyingine atawaachia. Nikasema nitakujibu kwa maandishi, maana kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Jibu langu ni hapana. Aje apige nakala, hata za sanduku zima akipenda, lakini asiondoke na kipande hata kimoja. Na hiyo habari ya kuchambua viongozi na kuacha wengine ndiyo nisiyoitaka kabisa. Usianze kubisha, soma kwanza.

Nimelishughulikia lile sanduku pale kwa Mama, Makole. Tumetundika shuka jeupe dirishani, nikawa naangalia mkanda mmoja baada ya mwingine kwa mwanga wa jua, Mama pembeni anachambua mchele na kuniuliza kila mara, "Huyo nani?" Mzee wako, Mungu amrehemu, alikuwa na utaratibu ambao wewe hukurithi. Mikanda ya ile kamera ya Zenit kaikata vipande vya picha sita sita, kila mkanda na bahasha yake ya kaki, juu kaandika kwa penseli: "Ziara ya RC, Mpwapwa", yaani mkuu wa mkoa. "Mapokezi". "Semina". "Bunge". Ile mipana ya Yashica, yenye picha 12, iko kwenye kopo la biskuti.

Sasa angalia namba zilizopigwa pembeni mwa mkanda. Kuanzia 1 mpaka kama 29 au 30 ni kazi aliyoitiwa: jukwaa, maua, kiongozi na Kaunda suti yake, mkono juu, risala, ngao, tena mkono juu. Kisha ghafla, 31, 32, 33 hadi 36, jukwaa halipo. Kuna mbuzi. Kuna mtoto anasukuma ringi ya baiskeli. Kuna fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Mhindi, kuna mkokoteni umekwama. Mkanda wa pili hivyo hivyo, wa tatu hivyo hivyo. Nikamuuliza Mama. Akacheka, akasema mkanda hausafishwi mpaka uishe, na ofisi ilikuwa inataka picha asubuhi. Kwa hiyo mzee akirudi kutoka ziarani alikuwa anasimama mlangoni pa studio pale Barabara ya Saba, anapiga chochote kinachopita mpaka umalizike, ndipo anaingia chumba cha giza. "Baba yenu asingeweza kutupa picha hata moja," akasema. "Bora apige mbuzi."

Na kweli, angetupaje? Filamu ilikuwa kitu cha kuagizwa nje, na sehemu kubwa ya mikanda hii ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati hata sabuni ya kufulia ilipatikana kwa foleni. Kuna picha namba 35 ambayo ningeitundika ukutani leo. Asubuhi, duka limefungwa, kofuli linaonekana. Watu wachache wamejikunyata ukutani na vitenge mabegani. Lakini mbele ya mlango kuna foleni ndefu kweli: mawe, vipande vya tofali, kopo la Kimbo, ndoo isiyo na mshikio, kandambili moja. Kila kitu kimemshikia mtu nafasi. Vijana wangu wa kidato cha tatu nimewafundisha vita vya Kagera, bei ya mafuta, kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ya 1983, wakaandika na kufaulu. Hiyo kandambili ingenipunguzia vipindi viwili. Na ukiangalia bahasha yake, mzee kaandika "Ziara". Mtu wa kitabu angechukua zile 30 za mwanzo, hii angeiacha kama mkia.

Kuna nyingine nataka uione kabla hujaamua lolote. Unajua hadithi ya mji wetu: 1973 TANU inaamua makao makuu yahamie Dodoma, CDA, mamlaka ya kuujenga mji mkuu, inaundwa mwaka huo huo, kazi inapangiwa miaka 10, na 1976 inakuja ramani kuu iliyochorwa na kampuni ya Toronto, Kanada. Mzee kapiga mkutano mmoja wa kuonyesha ramani. Wakubwa wamezunguka meza, mmoja kanyoosha kidole kwenye karatasi kama anayemwonyesha dereva njia, wengine wote wanakitazama kidole. Picha safi, mwanga mzuri, ya kuweka kwenye kitabu. Halafu namba 32 na 33: bombani. Akina mama wamepanga ndoo, mmoja kakalia ndoo yake na kumpa mtoto ziwa, na nyuma yao barabara ya vumbi haina hata mti. Mji wa kwenye meza na mji wa mlangoni, kwenye mkanda mmoja, pengine kwa tofauti ya saa mbili. Ukizitenganisha, ya kwanza inabaki sherehe na ya pili inabaki shida. Zikiwa pamoja unaona kwa nini miaka 10 ilipita, ikapita mingine na mingine, mpaka CDA yenyewe ikavunjwa 2017, na Rais Magufuli akahamia hapa rasmi 2019.

Simdharau mpiga picha wa serikali, usinielewe vibaya. Bila wao tusingekuwa na ile ya Aprili 1964, Mwalimu anachanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar. Taifa zima linaijua. Lakini wale vijana waliosimama naye wameshika vyombo? Magazeti yalikuja kuwatafuta miaka mingi baadaye, na wao wenyewe walikuwa wazee. Hilo ndilo tatizo la picha ya jukwaani: maelezo chini yake yana jina moja, waliobaki ni "na wananchi". Wajerumani walikuwa wabaya zaidi. Kuna picha za Walther Dobbertin, aliyezunguka na kamera nchi hii enzi ya utawala wao, reli ikijengwa kutoka Dar es Salaam mpaka ikafika hapa 1910. Siku hizi zinapatikana kwenye intaneti kutoka hifadhi ya taifa yao. Ofisa Mjerumani ana jina na cheo. Mwafrika ana kabila, akipata bahati. Hifadhi yenyewe imeweka onyo kwamba maelezo ya zamani huenda yana makosa au upendeleo. Vizuri wameonya, ila jina la yule mtu limekwenda.

Mzee wako hakuandika majina pia, maana kila mtu aliyempiga alikuwa anamjua. Ndiyo maana namtaka Mama. Tulikuta mapokezi ya mkuu wa mkoa mmoja, nikamwambia, "Mama, huyu mkubwa ni nani?" Akaangalia weee. "Huyo simkumbuki. Lakini huyu dereva wake alikuwa ananunua maziwa kwangu, na deni hajalimaliza." Akanitajia jina la dereva, la mke wake, na nyumba waliyokaa Chang'ombe. Kwenye picha nyingine, akina mama wa Kigogo wanapiga muheme kumpokea mgeni. Ngoma zimebanwa mapajani, mikono imepaa, vumbi limepanda mpaka kiunoni, na mgeni mwenyewe kakatwa na ukingo wa picha, umebaki mkono wa suti na saa. Sijui kama mzee alikosea kulenga au alikusudia. Mimi naamini alikusudia. Mama aliwataja wapigaji mmoja mmoja kutoka kushoto, na alipokwama kwa mmoja aliacha mchele, akasimama, akaanza kutembea barazani anaiga mwendo wake, mpaka jina likaja.

Bahasha moja hakutaka niifungue mpaka tumalize kula. Imeandikwa "Bunge, Aprili 84". Unajua inaelekea wapi. Waziri Mkuu Sokoine alitoka hapa tarehe 12 baada ya Bunge kuahirishwa, akafa kwa ajali Dakawa, njiani kwenda Dar es Salaam. Mwanzo wa mkanda ni wabunge wanatoka, mafaili kwapani, wanataniana, mmoja anawasha sigara. Ni siku ya kawaida. Kisha namba 34 hadi 36 ni mlangoni pa studio, na giza limeshaanza, picha zina chenga. Wanaume wamelizunguka duka lenye redio. Hakuna anayemtazama mwenzake. Mmoja kaweka mikono kichwani. Mama anasema mzee aliingia ndani bila kusema neno na hakusafisha ule mkanda mpaka baada ya mazishi. Picha za viongozi waliohudhuria msiba ule utazipata mahali pengi. Hii ya dukani sijaiona kwingine, na bwana wa kitabu hakuiulizia kwa sababu kwenye bahasha imeandikwa Bunge, na hao si wabunge.

Sasa mambo ya kazi, haraka haraka. Baadhi ya mikanda inanuka siki. Hiyo ni filamu yenyewe inaoza, na ikianza huwezi kuirudisha, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kupigwa nakala kwanza, na itengwe isikae na mizima. Mwambie dada yako atoe zile picha alizozipachika kwenye albamu ya gundi na nailoni, lakini taratibu, na zinazogoma aziache zilivyo, asivute. Hakuna mifuko ya plastiki. Hakuna kuandika kwa kalamu nyuma ya picha, ni penseli laini. Wala usifikirie kulichukua sanduku likae kwako Mwanza. Unyevu wa ziwa utaleta ukungu ndani ya mwaka. Ukavu huu wa Dodoma tunaoulalamikia ndio uliozitunza hadi leo, tukidhibiti vumbi tu. Baadaye, mkikubaliana kama familia, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina kituo hapa hapa Dodoma, mnaweza kwenda kuwauliza masharti ya kukabidhi. Lakini wakabidhiwe sanduku zima kwa mpangilio wa mzee, namba kwa namba, mbuzi wakiwemo.

Huyo bwana wa kitabu mpe jibu la kiungwana. Mwambie anakaribishwa barazani kwa Mama na skana yake, na kwamba kila picha ya kiongozi atakayoitumia aweke jina la mpiga picha. Akikataa la pili hilo, basi na la kwanza limekufa. Na dada yako asisaini karatasi yoyote. Nasikia amekwisha kutumiwa moja kwenye simu.

Wewe unachotakiwa kufanya ni kuja. Likizo ya Juni shule zikifungwa mimi nina nafasi, na Mama ana nguvu za asubuhi, kuanzia chai mpaka jua linapokuwa kali. Tutamwonyesha picha kwenye skrini kubwa, maana macho yake kwenye negativu yanachoka, wewe unarekodi sauti, mimi naandika namba ya mkanda na namba ya picha. Kuna wazee watatu au wanne wa Barabara ya Saba bado wapo, mmoja alikuwa fundi viatu jirani ya studio na anajulikana kwa kukumbuka madeni ya watu. Huyo tumwalike. Nilipomwambia Mama kwamba utakuja akasema ataamini akikuona, na kwamba usije na mifuko ya biskuti kama mara ile. Anataka sato, wabichi kwenye barafu, siyo wa kukausha. Kuna basi linaingia hapa alfajiri, nitakupokea stendi.

Ni mimi jirani yako,
wa Kikuyu, hapa Dodoma